Tusiisingizie Mvua, Kiu Yetu Ndiyo Iliyobadilika

Katika mtaa ninaoishi hapa Nairobi, karibu kila nyumba ina karatasi iliyobandikwa mlangoni pa jikoni. Ni ratiba ya mgao wa maji. Mgao huo ulianza Januari 2017, nasi tukauchukulia kuwa jambo la muda tu, hadi mvua inyeshe na bwawa la Ndakaini lijae. Mvua imenyesha mara nyingi tangu siku hizo. Bwawa limejaa, likapungua, likajaa tena. Ilhali karatasi bado haijabanduliwa.

Siku ya zamu yetu ifikapo, mifereji hukohoa kwanza, ikatema hewa, kisha maji yakaanza kuja. Hapo kila mtu hukimbilia mitungi, ndoo, masufuria na hata beseni za kuogeshea watoto. Tunapongoja vyombo vijae, mazungumzo huzuka baina ya majirani, nayo huishia pale pale kila mara: mvua siku hizi ni haba. Mimi nami nimeiitikia kauli hiyo kwa miaka. Leo nataka kuikana hadharani, kwa kuwa naamini inatupotosha, na wanaopotoshwa zaidi ni wanafunzi wetu, ambao huisikia nyumbani na kwenda kuiandika shuleni kama ukweli usiohitaji kuchunguzwa.

Sisemi kwamba hali ya anga haijageuka. Misimu mitano ya mvua iliyotunyima mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, iliangamiza mifugo kwa mamilioni katika maeneo kame, na asiyeliona hilo hataki kuona. Nisemalo ni kwamba maji ya nchi hupungua kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kutokuja. Njia ya pili ni kuja kama yalivyozoea, yakakuta wenye kuyadai wameongezeka na madai yao yamegeuka. Ile ya kwanza tunaizungumza kila siku. Ya pili hatuitaji, labda kwa sababu katika hiyo hapana wa kulaumiwa ila sisi wenyewe.

Hebu tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa Gredi ya 7 aweza kuifanya bila msaada. Hesabu ya watu ya 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, ilitukuta tukiwa kama milioni 8.6. Ile ya 2019 ilitukuta tukiwa milioni 47.6. Maji yanayozaliwa humu nchini kila mwaka kutokana na mvua, yaani yale yanayoingia mitoni, maziwani na ardhini na kurejeshwa tena mwaka ufuatao, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa huyakadiria kuwa mita za ujazo bilioni 20.7. Gawanya, nawe utaona kwamba Mkenya wa 1962 alikuwa na fungu la mita za ujazo 2,400 hivi kwa mwaka. Gawanya tena: Mkenya wa 2019 ana mita 435 tu. Kwa kawaida nchi ambayo fungu la kila raia wake liko chini ya mita 1,000 huhesabiwa kuwa nchi yenye uhaba wa maji. Kwa hesabu hii yetu, tulikwisha kuuvuka mstari huo kufikia mwaka wa 1989, tulipohesabiwa na kupatikana tukiwa milioni 21.4. Tuliuvuka bila ya tone moja la mvua kupungua.

Hata hivyo, hesabu hiyo haijamaliza maneno. Wingi wa watu peke yake haukaushi mto. Kinachoukausha ni mambo ambayo watu hao huyataka, na mambo hayo hayakubaki yalivyokuwa.

Mama yangu aliwalea watoto sita kwa maji aliyoyabeba mgongoni. Maji ya kuoshea vyombo hayakumwagwa ovyo; yalimwagiwa sukumawiki nyuma ya jiko. Mjukuu wake, ambaye ni mwanangu, hubonyeza kitufe chooni, na kwa mkupuo mmoja zikaenda lita sita hadi tisa za maji safi yaliyotiwa dawa, maji ambayo nyanya yake angeyapikia mchana na jioni. Simlaumu mtoto. Nyumba ndivyo ilivyojengwa, na sisi sote tulipohamia mjini tulifurahi kuipata nyumba ya namna hiyo.

Vyakula navyo vimegeuka. Wali, ambao kwa wengi wetu wa bara ulikuwa chakula cha Krismasi na arusi, sasa huliwa siku yoyote ya juma, nao mpunga ni mmea unaosimama majini. Mashamba ya Mwea, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950 kwa kazi ya mahabusu wa wakati wa hali ya hatari, yalipanuka mara kwa mara hata yakahitaji bwawa lao wenyewe, lile la Thiba, lililozinduliwa mwaka wa 2022. Mkate wa kila asubuhi hutokana na ngano ambayo sehemu yake kubwa tunainunua ng'ambo. Maana yake ni kwamba tunakula mvua ya watu wengine. Nao wengine wananunua yetu: maua ya Naivasha na mboga za miteremko ya Mlima Kenya hupanda ndege usiku, yakiwa yamebeba maji ya maziwa, mito na visima vyetu hadi mezani pa watu wasiojua mito hiyo inaitwaje. Duniani kote, kilimo huchukua kama asilimia 70 ya maji yote yanayotolewa mitoni, maziwani na ardhini. Kwa hiyo yule anayedhani kwamba shida ya maji ni shida ya kuoga na kufua, ameuangalia mtungi akasahau sahani.

Mambo haya sikuyapata vitabuni tu. Niliyaona kwa macho, tena kutoka ncha zote mbili za mto mmoja.

Baba yangu alikuwa miongoni mwa watu waliounganisha fedha zao katika shirika la kununua mashamba, wakagawana shamba la mlowezi mmoja aliyeondoka baada ya uhuru, upande wa kaskazini-magharibi mwa Mlima Kenya. Fungu lake lilikuwa ekari nne. Kando ya shamba kilipita kijito, kimoja katika vijito vingi vinavyoteremka kutoka msituni kwenda kuujaza mto Ewaso Ng'iro. Mwanzoni tulikichotea maji ya kupikia na ya kunyweshea ng'ombe wawili. Kisha wazee wakachimba mtaro mdogo ili kabeji na viazi visife wakati wa jua kali. Katika miaka ya 1980 ikaja mishiri, yale maharagwe mabichi yanayouzwa Ulaya, na mambo yakabadilika. Mahindi hungoja masika, mishiri haingoji. Mnunuzi huitaka kila juma, na huitaka zaidi katika miezi ya baridi ya kwao, ambayo kwetu ni miezi ya kiangazi. Basi tulijikuta tukinyunyizia mashamba maji mengi zaidi wakati ule ule mto ulipokuwa na maji machache zaidi. Mtaro ukapanuliwa. Jirani akanunua pampu, na jirani wa jirani naye akanunua yake. Karo yangu ya chuo cha ualimu ilitoka katika mishiri hiyo, na sitaki kujifanya kwamba siikumbuki.

Mwaka wa 1989 nilipelekwa kufundisha katika shule moja ya bweni upande wa chini wa mto huo huo, katika nchi ya wafugaji, mwendo wa siku nzima kwa lori. Huko mto haukuwa kijito cha kurukwa na mtoto. Ulikuwa ndio njia, ndio soko, ndio sababu ya watu kuwapo mahali hapo. Wakati wa kiangazi cha 1991 mto ulikatika. Haukupungua tu, ulikatika, ukabaki mchanga mweupe na alama za kwato. Wanafunzi wetu walikwenda kuchimba visima mchangani kabla ya gwaride la asubuhi, na waliporejea tuliwafundisha wakiwa wamechoka.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja katika darasa langu la jiografia, hodari wa kuchora ramani kuliko mwalimu wake. Siku moja babu yake alikuja kumchukua. Mifugo ilikuwa inahamishwa kwenda mbali, na mikono ya kijana ilihitajika. Mzee hakujua Kiswahili, kwa hiyo kijana mwenyewe ndiye aliyetufasiria, huku ameshika sanduku lake la bati.

"Mwalimu, babu anauliza, wewe ni mtu wa huko mlimani?"

"Ndiyo, mzee."

"Anauliza, chemchemi za mlima zimekauka?"

"La, mzee, hazijakauka."

Kijana alimweleza. Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akauliza swali la tatu, na kijana akalileta kwa sauti ya chini: "Basi, mto umeenda wapi?"

Sikumjibu. Jibu nilikuwa nalo, kwa maana likizo iliyotangulia nilikuwa nyumbani, na mikono yangu hii ndiyo iliyoufungua mtaro wa baba kila jioni. Kijana yule hakurudi shuleni. Mimi nimestaafu, nimesahau majina ya mamia ya wanafunzi, lakini lake sijalisahau, wala sitalitaja hapa.

Baadaye wataalamu walikuja kupima, na vipimo vyao vilinithibitishia yale niliyoyajua. Huko Archers Post, mtiririko wa Ewaso Ng'iro katika mwezi wa Februari ulikuwa kama mita za ujazo 9 kwa sekunde katika miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1990 ulikuwa umeshuka hadi kama mita moja. Mvua ya mlimani haikuwa imepungua kwa kiasi hicho hata kidogo. Kilichoongezeka ni mitaro, mabomba na pampu, ya mashamba makubwa na ya wenye ekari nne kama baba yangu. Mto ukakatika tena 1994, ukakatika 1997, ukakatika 2000.

Nimekitaja kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ndani yake hamna mwovu. Wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu, nasi tunaweza kuongeza kwamba kila chungu aliyekunywa katika kifuu alikunywa kidogo tu. Baba alisomesha watoto. Jirani alijenga nyumba ya mawe. Serikali ilipata fedha za kigeni. Bandu bandu huisha gogo, na aliyeikuta nafasi tupu ya gogo ni mtu ambaye hakuwa na shoka. Ndivyo mahitaji yanavyofanya kazi yanapobadilika: faida huonekana juu ya mto, gharama hujitokeza chini yake, na walio juu na walio chini hawaketi katika baraza moja.

Sasa ukitaka kuona kisa hicho hicho kwa ukubwa wa jiji, itazame Nairobi. Jina lenyewe linatokana na maneno ya Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Reli ilipofika hapo mwaka wa 1899, maji yalikuwapo ya kutosha kambi ya wajenzi. Kambi ikawa mji, mji ukayachafua maji yake, ukaanza kuyatafuta mbali. Kwanza ukazifuata chemchemi za Kikuyu. Kisha likajengwa bwawa la Ruiru. Mwaka wa 1956 likamalizika la Sasumua huko Kinangop. Mwaka wa 1994 likamalizika la Ndakaini, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70. Katika hesabu ya 1969 jiji lilikuwa na watu 509,000. Katika ile ya 2019 lilikuwa na watu milioni 4.4. Mwaka wa 2022 ukazinduliwa mfereji wa chini ya ardhi wenye urefu wa karibu kilomita 12, unaochukua maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati huko Murang'a na kuyaongeza katika bwawa la Ndakaini. Wakazi wengi wa Murang'a waliuliza, kwa haki kabisa, watabakiwa na nini.

Kila mradi ulipokamilika, tuliamini kwamba kiu imekwisha. Haikwisha. Mahali palipofika bomba, zilifuata nyumba za kupangisha; zilipofika nyumba, zilifuata bustani, magari ya kuoshwa na viwanda. Bwawa jipya huzaa kiu mpya, kwa sababu linatuondolea ulazima wa kuuliza tunayatumiaje maji tuliyo nayo. Na pale bwawa lisipotosheleza, mwenye uwezo huchimba kisima kirefu uani mwake, halafu mwenzake naye huchimba, hata maji ya chini ya jiji yakawa yanashuka mwaka hadi mwaka na mitambo ya kuchimbia ikawa inayafuata.

Hapa kuna somo ambalo mwalimu wa jiografia angefaa kulichora ubaoni. Sasumua na Ndakaini zimo katika bonde la Mto Tana. Nairobi imo katika bonde la Athi. Kwa hiyo maji ambayo yangeteremka kwenda Garissa, Hola na delta ya Tana huvushwa hadi jikoni na chooni mwetu. Yakitoka hapo, sehemu yake huingia mto Nairobi na kisha Athi, nao Athi huitwa Galana unapopita Tsavo, na Sabaki unapokaribia bahari kaskazini mwa Malindi. Kando ya Sabaki, mahali paitwapo Baricho, pana visima vinavyowanywesha watu wa Malindi, Kilifi na Mombasa. Mtu wa Nairobi anapobonyeza kitufe chake, amemgusa mtu wa Garissa kwa kumpunguzia na mtu wa Malindi kwa kumchafulia, na hapana hata mmoja kati yao aliyeulizwa.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Ataniuliza: wawezaje kusema kwamba maji ni haba, ilhali mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200? Wawezaje kusema hivyo, ilhali maziwa ya Bonde la Ufa, Baringo na Naivasha yakiwamo, yalipanda katika miaka iliyofuata 2010 hata yakameza nyumba na shule? Swali hili ni la haki, nami silikimbii. Jibu langu ni kwamba kiu haina likizo, bali mvua inayo. Gharika ya majuma sita haimfai mtu wa Februari asipokuwa na mahali pa kuiweka. Tena mvua inapoanguka juu ya paa, lami na vilima vilivyonyolewa miti, haipati nafasi ya kuzama ardhini. Hukimbia yote kwa siku moja, ikaua watu, ikaishia baharini. Mahitaji yetu ya mbao, makaa, mashamba na majumba yamebadilisha hata jinsi ardhi inavyoipokea mvua. Mafuriko na ukame si maadui wawili. Aghalabu huzaliwa katika nyumba moja.

Basi tufanyeje? Sitaki kuwa kama yule alaaniye giza asiwashe taa, hasa kwa kuwa taa tunazo, na baadhi yake tuliziwasha wenyewe.

Taa ya kwanza ni umeme. Kwa miaka mingi nchi hii iliutegemea Mto Tana kwa sehemu kubwa ya nguvu zake: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, yote yamepangwa juu ya mto mmoja. Ukame ulipotupiga, mwaka wa 2000 tulikaa gizani kwa zamu. Tangu hapo tumeigeukia mvuke ya ardhini huko Olkaria, na leo mvuke hiyo ndiyo inayotoa umeme mwingi kuliko maji. Maana yake ni kwamba hitaji moja kubwa liliondolewa begani mwa mto kwa kiasi fulani, kwa akili na si kwa maombi. Kinachowezekana kwa umeme kwa nini kisijaribiwe kwa mengine?

Taa ya pili iko kule kule kwetu, kwenye vijito vya Mlima Kenya. Baada ya miaka ya ugomvi, watumiaji wa vijito hivyo walianza kuunda vyama vyao, wa juu na wa chini wakikaa pamoja, wakapanga siku za zamu na kukubaliana kwamba wakati wa kiangazi baadhi ya mitaro ifungwe na maji ya mafuriko yahifadhiwe mabwawani. Sheria ya Maji ya 2002 ilivipa vyama hivyo nafasi rasmi. Haviko imara kila mahali, na mwenye pampu kubwa bado husahau zamu yake upesi. Lakini mahali vinapofanya kazi, swali la yule mzee lina mtu wa kulijibu.

Taa ya tatu haijawashwa, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi. Zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa na kampuni za maji nchini hayalipiwi: mengine huvuja katika mabomba makuukuu, mengine huibwa, mengine hayapimwi. Tunavuka milima kutafuta mto mpya ilhali karibu nusu ya mto wa zamani inamwagika njiani. Nani angemruhusu mtoto aende kisimani mara ya pili kabla hajauziba mtungi uliotoboka? Tena anayeulipia ubovu huo si yule mwenye bustani. Ni mtu wa kibandani, asiye na mfereji, ambaye huununua mtungi kwa bei iliyo mara nyingi zaidi ya ile anayotozwa mwenye bomba ndani ya nyumba.

Sheria hatuzikosi. Mpango mkuu wa maji wa 1974 ulikusudia kila nyumba iwe na maji safi karibu nayo ifikapo mwaka wa 2000. Mwaka huo ulifika, ukapita. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Maji ya 2016 inayatanguliza matumizi ya nyumbani mbele ya mengine yote, na inataka sehemu ya maji ya kila mto iachwe kuwa akiba ya mahitaji ya lazima ya watu na ya uhai wa mto wenyewe. Maneno hayo ni mazuri. Lakini akiba haiwezi kulindwa na watu wasiojua kwamba ipo, wala na maafisa wanaotoa vibali bila kupima kilichobaki. Kibali cha maji kinapaswa kutolewa kwa kuangalia Februari, si kwa kuangalia Mei.

Ndiyo maana nawageukia walimu wenzangu. Insha ya "Maji ni Uhai" imeandikwa na kusahihishwa mara elfu, nami nimesahihisha yangu ya kutosha. Haijamfundisha mtu kupima. Nawaomba tuiache kwa mwaka mmoja, tuwape wanafunzi kazi nyingine. Wahesabu mitungi inayoingia katika shule yao kwa siku moja, waandike ilikokwenda: jikoni, bafuni, chooni, bustanini, na ile iliyovuja chini ya tangi. Waulize maji hayo yametoka mto gani au kisima gani, wauchore mto huo tangu chimbuko hadi mwisho wake, waandike majina ya miji na vijiji vilivyo chini yao. Waulize wazazi na wazee mto huo ulikuwaje miaka thelathini iliyopita, na ni zao gani lililokuja likaubadilisha. Katika mdahalo wa shule, mmoja amtetee mkulima wa mishiri, mwingine mfugaji wa chini, mwingine mama wa mjini anayengoja zamu, na asiwepo wa kupewa ushindi wa bure. Hesabu, jiografia, uraia na lugha zote zimo humo.

Nanyi wanafunzi, msikubali kuambiwa kwamba kazi yenu ni kufunga mfereji vizuri tu. Fungeni, ndiyo; haba na haba hujaza kibaba. Lakini ulizeni pia maswali yaliyo makubwa kuliko mfereji. Nchi yetu itaendelea kutaka vitu vipya, nayo ina haki ya kuvitaka: nyumba bora, chakula cha kutosha, kazi kwa vijana, fedha za kigeni. Kila kimoja kitakuja na kiu yake. Kabla ya kukipokea, tuulize kinahitaji maji kiasi gani, katika mwezi gani, kutoka mto gani, na ni nani anayekaa chini ya mto huo.

Siku ya zamu yetu itakapofika tena na majirani wakaanza kuilaumu mvua, nitawaeleza habari za mzee yule na mjukuu wake aliyeshika sanduku la bati. Nilipaswa kumjibu siku ile. Mto haukuenda popote, mzee. Tuliugawana huku juu, tukasahau kukuhesabu.